Siku Bibi Alipofiwa Mjini

Wiki iliyopita nilipita dukani Mlowo, nikaona kalenda imetundikwa juu ya magunia ya chumvi. Ilikuwa na picha ya Dar es Salaam: barabara pana, magari, na katikati sanamu ya askari wa shaba ameshika bunduki. Nilisimama nikaitazama mpaka mwenye duka akauliza, "Dada, leo unanunua chumvi au kalenda?" Watu wakacheka. Nikaona haya, nikachukua chumvi yangu nikatoka. Lakini njia nzima nilikuwa nikitembea na bibi yangu.

Nadhani hata wewe ulikuwa na bibi wa namna hiyo, mwenye kunuka moshi na mahindi ya kuchoma. Wangu alinilea huku huku Mbozi, tukipalilia kahawa asubuhi na kuanika maharage mchana. Babu sikumjua. Wakati wa vita vya Mjerumani alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi la Waingereza, akaenda nao, hakurudi. Kwetu mtu haliliwi mpaka aje aliyeuona mwili wake, asimame mbele ya ukoo aseme: amekufa. Hakuja mtu. Kwa hiyo bibi hakunyoa nywele za msiba, wala matanga hayakukaliwa. Hakuwa mke, hakuwa mjane. Kwenye sherehe wajane walikaa kwao, wenye waume kwao. Yeye aliketi mlangoni akimenya viazi, kana kwamba ndiyo kazi aliyoitiwa.

Baba mdogo, aliyeachwa tumboni babu alipochukuliwa, alikuwa akifanya kazi bandarini Dar es Salaam. Mwaka mmoja alikuja likizo akatusimulia mambo ya mjini: meli, kanisa lenye mnara mrefu, bustani ya miti ya kila nchi, na sanamu iliyowekwa kwa ajili ya watu wa vita ile. Bibi aliacha kupepeta.

"Ya watu wa vita? Basi nitakwenda kumtazama."

"Mama, ni mbali."

"Baba yako alikwenda mbali zaidi, tena na sanduku kichwani."

Nilichukuliwa mimi nimbebee kikapu. Tulipanda lori hadi Mbeya, kisha mabasi yenye vumbi, kisha garimoshi, tukila viazi vya kuchemsha mpaka vikaanza kuchacha.

Baba mdogo alitaka tuone kila kitu. Tukatazama meli. Tukaingia kanisani, bibi akapiga magoti, akasifu ubaridi wa sakafu. Kwenye bustani tuliukuta mti mmoja wa kahawa umezungushiwa uzio kama mgeni wa heshima. Bibi akacheka mpaka akashika kiuno. "Wamefungia kahawa! Itakimbilia wapi?" Akapenyeza mkono, akaanza kupunguza machipukizi ili mti uzae, kama tulivyofanya nyumbani. Mtunza bustani akaja mbio.

"Bibi, hapa ni kutazama tu!"

"Ukitazama tu, mwanangu, hutavuna."

Kisha akamgeukia baba mdogo. "Nimeona vya kutosha. Nipeleke kwa yule mtu."

Sanamu ilikuwa njia panda, magari yakiizunguka. Bibi aliinua uso, akaitazama kwa muda mrefu, mkono juu ya macho.

"Siye," alisema.

"Mama, ni mfano wa wote."

"Baba yako hakupewa bunduki. Mzigo wake uko wapi?"

Baba mdogo akainua macho tena kwenye sanamu. Hakuwahi kuiona sura ya baba yake. Ndipo nikaona maandishi chini, na mengine yalikuwa ya Kiswahili. Nikasema polepole kwamba wapagazi wametajwa. Bibi akaniambia nisome. Mimi ambaye darasani sauti yangu haikufika dawati la pili, nikasoma katikati ya mji, watu wakigeuka. Nilisoma kwamba ni ukumbusho wa askari, na wa wapagazi, na wa wote waliokufa.

"Rudia hapo."

"Waliokufa, bibi."

"Kwa sauti. Baba yako mdogo asikie, naye ni mtoto wa marehemu."

Nikarudia. Bibi akafungua kilemba, akaketi chini, akalia kwa sauti ya kwetu, ile ya kuita majirani toka bonde la pili. Polisi akaja.

"Bibi, mnaziba njia. Kuna nini?"

"Nimefiwa, mwanangu."

"Pole sana. Umefiwa lini?"

"Leo."

Polisi alimtazama baba mdogo, naye alikuwa analia. Akavua kofia, akasimama upande wa magari mpaka bibi alipomaliza.

Tuliporudi, baba mdogo alisimama mbele ya ukoo akasema: amekufa. Bibi akanyolewa. Majirani walileta unga, kuni na maharage, na wazee waliocheza na babu wakasimulia utundu wake. Matanga yalipoanuliwa, bibi alikwenda kuketi na wajane, wakamsogezea mkeka.

Wazee wale wamekwisha, na bibi pia. Hakuna tena aliyemjua babu kwa sura. Usiku nikijaribu kumwona, naona uso wa yule wa shaba, na aliyeweza kuniambia "siye" hayupo.