Nusu ya Kidonge

Miaka ile dawa ya virusi vya UKIMWI haikutolewa kwa kila aliyekuwa navyo. Ulipimwa damu Mbarara, zikahesabiwa chembe zinazoulinda mwili. Zikiwa bado nyingi, ulirudi kambini Nakivale kungoja zipungue. Za mume wangu zilikwisha kushuka, akapewa vidonge. Zangu zilikataa kushuka. Nilinaswa: sharti niugue ndipo nitibiwe. Subira huvuta heri, waliniambia kanisani. Yangu ilivuta maradhi tu.

"Mama, wewe iko na nguvu bado," muuguzi alisema, kana kwamba ananipongeza.

Nikamuuliza kwa hasira, kama nina nguvu, mbona nachoka hata jembe halijapata joto? Akaeleza kwamba virusi vikishaingia, chembe huitana kwa ishara, na wito huo haunyamazi. Kuitana kusikokoma ndiko kunakozichosha, na nyingine hufa bila hata kuguswa na virusi.

Nilimwelewa upesi kuliko alivyodhani. Kwetu Kivu ya Kusini, adui akija, tulipiga masufuria ili kijiji kizima kiamke. Mwaka wa mwisho tuliyapiga mno, mikono ikalegea, na watu wakaacha kutoka. Sasa masufuria yale yalikuwa ndani yangu, wala hapakuwa na mpaka wa kuvuka ili niyakimbie.

Nyumbani, mtaa wa Rubondo humo kambini, mimi na mume wangu tulikula sahani moja, kama walivyokula wazazi wetu. Samaki akiwa mmoja, tuligawana. Basi jioni moja akavunja kidonge chake, nusu akaiweka upande wangu, juu ya ugali.

"Kula, mama. Miye siwezi pona peke yangu. Utaniacha na nani mu hii kambi?"

Muuguzi alikuwa ametuonya sote wawili: dozi ikipunguzwa, virusi huizoea dawa, na haitamfaa tena mgonjwa. Nililijua hilo, na bado niliitamani nusu ile. Nikaziokota nusu zote mbili, nikamtia mdomoni.

"Meza, baba. Siku yangu ya kupewa dawa ikifika, nani atanipeleka Mbarara? Mbuzi?"

Nilimshika kidevu mpaka akameza. Alilia, nami nikamwacha alie.

Kisha tukala. Pale kidonge kilipokuwa kimekaa, ugali ulikuwa umeshika unga wa dawa. Nilianzia hapo. Ulikuwa mchungu, nikaumaliza wote.