Doti ya Kanga Iliyorudi Kutoka Mbwera

Doti ya kanga niliyompelekea somo yangu ilirudi Jumanne, imekunjwa vilevile nilivyoikunja mimi, karatasi ya dukani haijabanduliwa. Aliyeirudisha ni mama mmoja muuza kaa, aliyetoka nayo Mbwera, anakoishi somo, kwa boti ya asubuhi mpaka Nyamisati, kisha akapanda gari kuja Kibiti. Aliniwekea mapajani, akakataa hata chai. "Mie nimetumwa tu, dada," alisema. "Sijui kitu." Alijua. Angekuwa hajui angekunywa chai.

Binti yangu alikuwa amebakiza wiki sita aolewe. Kwetu huku somo ndiye mwanamke anayekuweka ndani kabla ya harusi akakufunda, na ukishaolewa mambo hayaishii hapo, anakuwa mama yako wa pili mpaka mmoja wenu azikwe. Siku unayomwozesha binti, unampelekea somo yako doti kumwomba aje amfunde na yeye. Akiipokea, amekubali. Sijapata kusikia, tangu Kibiti mpaka Utete, doti iliyorudishwa. Harusi inaweza kukosa nyama, watu wakasema wiki moja wakasahau. Hili wangelisema mpaka binti yangu naye aozeshe.

Na huyu hakuwa somo wa jina tu. Nilipoachwa, miaka saba baada ya kuolewa, ndugu zangu wa damu waliniuliza nimemfanya nini mume wa watu. Yeye hakuniuliza. Alinitandikia mkeka, akanipikia wali wa nazi na kamba, akaniacha nilale siku tatu.

Kazi yangu ni riwaya za mapenzi. Nina cherehani karibu na stendi ya Kibiti, na kati ya gauni na gauni ninaandika kwenye simu, sura moja kila baada ya siku mbili, ninaituma kwenye kundi la wasomaji. Si kazi ya heshima. Waendesha bodaboda wananipigia kelele, "Mama Mahaba, vipi, leo wamekutana?" Kuna mama mmoja wa hapa mtaani ambaye kwenye kisomo cha akina mama husema wazi kwamba naharibu mabinti. Alasiri huja na nguo isiyo na tatizo lolote, ati nimpunguzie kiuno, kisha anainama na kuninong'oneza, "Kwani yule bwana kweli kampa talaka?" Watu wakiona sina mume huniuliza mapenzi nayatoa wapi. Nawajibu kwamba kinyozi hajinyoi. Wanacheka, na mimi nacheka, ila si kila siku napenda kuulizwa.

Siku ile doti iliporudi sikucheka na mtu. Nilimpigia simu mkamwana wa somo, mke wa mwanawe wa mwisho, anayeishi nao palepale. Simu yake hupatikana akisimama kwenye tuta moja tu nyuma ya nyumba, kwa hiyo nilipiga mara nne kabla hajaipokea.

"Dada, umetuletea balaa," alisema.

Akanisimulia. Yeye ndiye msomaji wangu pale nyumbani. Kila sura ikiingia huwasomea wakwe zake kwa sauti, wakati wa chakula cha mchana. Mzee, mume wa somo, macho yake hayaoni maandishi tena lakini hadithi anazipenda kuliko sote. Basi nilipotuma sura ya kumi na mbili, akawasomea kama kawaida. Mzee akaacha kutafuna. Akasema, "Hebu rudia hapo pa sufuria." Akarudia. Akasema, "Rudia tena." Kisha akanawa mikono, akatoka. Tangu siku ile hakugusa chakula kilichopikwa na mkewe. Alikuwa anakula kwa mdogo wake, nyumba ya tatu, usiku analala barazani kwake, na hasemi sababu.

Nilikaa chini palepale sakafuni, kwenye vipande vya vitambaa. Nilijua pa sufuria ni wapi.

Wiki ile nilipokuwa ndani kama bibi harusi, somo yangu alinifunda yote anayofundwa mwanamke, na siku moja, tukichambua mchele, akaniongezea lisilokuwamo. Akaniambia kwamba usichana wake aliupitisha shambani kwa wazazi wake, kwenye dungu, kile kibanda chetu cha juu ya miti tunachokaa msimu wa mpunga tukiwinga ndege. Palikuwa na kijana mkata boriti za mikoko aliyepita mkondoni kwa mtumbwi. Walikuwa na alama yao. Sufuria ikiwa kifudifudi juu ya kigingi, kama sufuria zote za watu wenye akili, mama yupo, pita zako. Ikiwa imekaa mdomo juu, njoo tuzungumze. Huyo kijana posa yake ilikataliwa. Ikapokewa ya huyu mzee wa leo. "Na msimu wa kwanza nilipokuwa kwenye dungu la mume wangu," aliniambia, "niliiacha sufuria mdomo juu. Kila siku." Kisha akacheka, akaniambia nichambue mchele, mawe yatavunja watu meno.

Hakuniambia alikuwa anamwita nani. Sikuuliza. Nilikuwa bibi harusi, nilidhani najua kila kitu.

Miaka ishirini nililikalia jambo hilo. Halafu mwaka huu hadithi yangu ikakwama katikati, wasomaji wakaanza kuondoka kwenye kundi, na mkono wangu ukaenda wenyewe. Nilijiona mwerevu. Nilibadili majina yote. Kijiji nikakihamishia upande wa Kilwa. Mume nikamfanya mfanyabiashara wa nazi. Sufuria nikaiacha ilivyo, kwa sababu ilikuwa nzuri, na mwandishi akipata kitu kizuri anakuwa kama paka na samaki. Nikaandika kwamba mke alikuwa ameolewa na mwili, moyo ukabaki mkondoni, na kila alfajiri mume wa watu aliifunika sufuria ile akidhani mkewe ni msahaulifu.

Hilo la mume kuifunika nililitunga. Ndivyo nilivyodhani. Kumbe, kama nilivyokuja kusikia, mzee aliifunika kweli, msimu mzima, akimtania mkewe kwamba ameoa mwanamke anayekusanya umande.

Kwingine kubadili majina kungetosha. Kwetu delta jina la mtu si kitu; watu wana majina matatu-matatu. Tunajuana kwa mashamba na madungu, kwa vitu vinavyoonekana kutoka kwenye mtumbwi. Nilificha visivyojulikana nikaacha kinachojulikana. Somo hilo nimelipata, ndiyo maana hapa ninaposema sufuria usihangaike kuitafuta. Haikuwa sufuria.

Ijumaa nikafunga cherehani, nikaenda. Nyamisati tulisubiri maji yajae mpaka saa sita, nikiwa nimepakata ile doti. Mwenye boti alinitambua, akaanza kuwaeleza abiria kwamba huyu ndiye yule wa hadithi, na dada mmoja akaniomba kwa Mungu nimrudishe mkata boriti. "Mke atoroke naye, jamani. Mume mwenyewe kapooza!" Boti nzima ikaitikia. Siku nyingine ningevimba kichwa. Siku ile nilitazama mikoko tu.

Mzee ndiye niliyemkuta kwanza, barazani, anashona nyavu kwa kupapasa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nani?" Nikajitaja. Mikono yake haikusimama. "Ahaa. Mwandishi. Kaa."

Nikakaa. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi tangu Kibiti. Yeye hakuyahitaji.

"Nikuulize jambo moja tu, mwanangu. Yule mwanamke wa kwenye hadithi. Ile sufuria, alikuwa anamwita nani?"

Ningeweza kusema ni hadithi tu, baba. Ndivyo tunavyosema sisi waandishi tukibanwa. Lakini alikuwa amenigeuzia uso wote, na macho yake yale yasiyoona yalikuwa mekundu.

"Bado sijaandika," nikasema.

"Basi andika. Nami nasikiliza."

Somo alitoka jikoni, akanikuta nimeshika doti. Hakuipokea. Alinipa maji ya kunywa, maana mgeni ni mgeni, akaninyooshea kidole njia ya kurudi bandarini, akatangulia. Nikamfuata. Alikuwa amekonda. Nikapiga magoti pale kwenye tope, mbele ya wabeba mizigo, nikamwambia, "Nimekosa, somo yangu. Nisamehe."

"Nyanyuka, unachafua nguo." Akaniangalia nikijipangusa. "Miaka arobaini na mitatu hajawahi kulala nje huyu. Mimi kuandika sijui, siwezi kukufundisha. Nilikufundisha kunyamaza, hukujifunza."

Akageuka akaenda zake. Nililia kwenye boti, na yule dada wa safari ya kwenda tulirudi naye, akadhani nimefiwa, akanipa pole mpaka Nyamisati.

Sura ya mwisho nilikuwa nimeshaiandika. Mke anashuka dungu alfajiri, mtumbwi unamsubiri, nyuma yake sufuria imejaa umande. Ndiyo sura bora niliyopata kuandika maishani. Mwalimu jirani yangu, mwanamke wa kutoka bara ambaye hunisomea kabla sijatuma, alikuwa ameisoma darasani wakati wa mapumziko akalia mbele ya wanafunzi. Niliifuta. Nilikaa siku nne na simu mkononi, gauni za watu zimelala, nikiandika nyingine kwa ajili ya msikilizaji mmoja.

Katika hiyo nyingine, mume anarudi kutoka kuvua, anaikuta sufuria mdomo juu, anaifunika, anamcheka mkewe. Siku ya kumi mke anashindwa kuvumilia. Anamwambia, "Wewe mwanamume, mbona huelewi? Kwetu sufuria ikiwa wazi, mtu anaitwa. Nakuita wewe, unanifunikia sufuria." Basi. Hapo nikaweka nukta.

Mwalimu alisoma, akanirudishia simu. "Huu si mwisho wako," alisema. "Na mkata boriti je?" Nikamwambia amehamia Mafia. Kundini walinisulubu. Wengine waliandika kwamba nimewapotezea mwezi na zaidi, wengine kwamba nimezeeka, na mmoja alisema ndiyo maana niliachwa. Watu wengi walijitoa jioni ileile. Nilisoma yote, moja moja, na lile la kuachwa nililisoma mara mbili.

Siku ya pili mkamwana akapiga simu kutoka tutani. Alikuwa amesoma sura, wazee wote wawili wapo. Mzee alisikiliza mpaka mwisho bila kusema rudia. Halafu akauliza kama kuna chai. Somo akaenda kuichemsha, na mzee akaingia ndani kuinywa.

Doti niliituma tena kwa mama yuleyule wa kaa. Safari hii haikurudi.

Somo alikuja Kibiti siku tano kabla ya harusi, na kijitanda chake cha kamba na mkoba wa dawa zake. Watu walimpokea kwa vigelegele. Alimkumbatia binti yangu, akamwita mjukuu, akatia utani hadi nyumba ikachangamka. Mimi alinisalimia vizuri. Alikula chakula changu. Mtu wa nje asingeona kitu.

Desturi yetu mama mzazi huruhusiwa kuingia mara mojamoja kupeleka uji na maji ya kuoga. Mchana wa kwanza nilipeleka uji. Nilipofika mlangoni nikasikia anamsimulia binti yangu jambo, kwa ile sauti yake ya chini niliyoijua tangu siku za mchele. Kivuli changu kikagusa pazia, akanyamaza. Akatoka mwenyewe, akapokea bakuli, akasimama katikati ya mlango.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu wa mwisho. Nilishindwa kujizuia. Nikamwuliza, polepole, asisikie mwingine, "Somo yangu. Kwani ile sufuria, kweli, ulikuwa unamwita nani?"

Aliniangalia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

"Nikikwambia, utaandika," alisema.

Akaingia na uji, akarudishia mlango, si pazia tu. Nikakaa kwenye mkeka wa nje. Baada ya kitambo nikasikia binti yangu anacheka, kicheko cha mtu aliyeambiwa siri, na sauti ya somo ikimwambia achambue vizuri, mawe yatavunja watu meno.