Mbolea Niliyotia kwa Siri kwenye Maharagwe ya Mama

Wakati huo nilikuwa na mdomo, wacha tu. Nilikuwa nimetoka upande wa Kakamega kufuata kibarua kwa mzungu mmoja nje ya Eldoret, njia ya Kaptagat, na msimu mmoja tu ukanitosha kujiona bingwa wa ukulima. Kisa? Nyapara alinifundisha kutia mbolea kwenye mahindi: ile nyeupe ya chumvichumvi, kiasi cha vidole vitatu kila shimo.

Aliyenipokea nilipofika ni mama mmoja mjane, kibarua mwenzangu. Alinilaza kwake, akanilisha sufuria moja na wajukuu wake wawili. Mzungu alimwachia kijishamba kando ya mto, lakini ng'ombe wa kulimia hakuwa nao. Basi halimi. Anaacha mabua ya mahindi yalale chini, mvua ikianza anatoboa udongo kwa kijiti na kudondosha maharagwe. Mtu wa nyuma anafunika kwa kisigino. Miaka yote yaliota, na ndiyo yaliyowaokoa wale watoto wasile ugali kwa chumvi.

Nilimcheka. "Mama, hata mbolea hutii?"

"Maharagwe hayana shida hiyo, mwanangu. Wewe funika tu."

Loo, kiburi! Niliiba mbolea stoo, nikaifunga kwenye kitambaa cha kichwa. Yeye akitangulia kudondosha, mimi nyuma natia vidole vitatu, kisha nafunika. Nilitaka ashangae mavuno, halafu ndipo nimwambie.

Kwenye mahindi, ardhi ilikuwa imelimwa, mashimo mapana, na tulitenga mbegu na mbolea kwa udongo. Kile kijiti kilitoboa tundu jembamba, mbolea ikakaa juu ya mbegu yenyewe. Sikufikiria hilo hata kidogo.

Wiki mbili zikapita, shamba kimya. Tulipofukua, maharagwe yalikuwa yamevimba, vijizizi vimeungua ncha. Mama aliyatazama, halafu akatazama viganja vyake.

"Ni mkono wangu," akasema. "Umezeeka. Hauoteshi tena."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilijiambia naogopa nyapara, kwamba mwizi wa mbolea hufukuzwa. Uongo mtupu. Niliona aibu, basi.

Akaleta maharagwe ya mwisho, yale aliyoweka ya kupika. "Panda wewe. Mkono wako bado mwepesi."

Nikapanda bila mbolea. Yakaota yote. Mama akapiga vigelegele, akaita majirani waje waone mkono wangu. Nami, Mungu anisamehe, nikacheka nao.

Tangu hapo hakugusa mbegu tena mpaka alipokufa. Wajukuu wakimwita aje wapande pamoja, aliingiza mikono ndani ya shuka, akawaambia hataki kuwaharibia.