Jina la Tatu Kwenye Kaseti ya Kukhu

Enzi zetu kaseti moja ilikuwa na heshima kuliko simu kumi za leo. Wewe wa miaka ya tisini unajua: redio ikimeza utepe, unaurudisha kwa biro, polepole, ulimi nje.

Kwetu mtaani Kawangware 46 tulikuwa na kaseti ya Kukhu, nyanya yetu, mamake Baba. Alikuja kutoka nyumbani kijijini akaimba majina ya wazee wetu sita waliotangulia, yale mtoto huimbiwa siku ya kupewa jina. Baba, fundi wa mbao, alitoka kwao mdogo, hakuyajua. Kwa hivyo alimrekodi, halafu akachukua bisibisi akavunja vile vijino viwili vya plastiki juu ya kaseti. "Sasa haifutiki," akasema. Mwaka uliofuata tukamzika Kukhu.

Lakini sisi watoto tulikuwa wajanja. Achieng, rafiki yangu wa mtaa wa Mashimoni, alinifunza kuziba vishimo vilivyoachwa na vile vijino na karatasi, na redio inakubali kurekodi tena. Jumamosi hiyo redioni kulikuwa na nyimbo moto, na kaseti nyingine hatukuwa nayo.

"Mwanzo tu, kidogo tu," akasema. "Nani atajua?"

Nikafinya batani mbili za kurekodi.

Mwezi haukuisha, mdogo wangu akazaliwa. Siku ya jina nyumba ilijaa. Baba akaweka kaseti. "Nyamazeni, mama anaongea."

Akatokea mtangazaji, anacheka, anasifu mafuta ya kupikia.

"Huyo ndiye Kukhu?" shangazi akauliza. Hakuna aliyecheka. Baba akapunguza sauti, hakuzima. Akanitazama.

Sikungoja kuulizwa. Nilikuwa nimeisikia ile kaseti kila siku nikiosha vyombo, basi nikaanza kuimba. Khaemba. Barasa. La tatu likagoma. Nikarudi mwanzo, likagoma tena. Mara Kukhu mwenyewe akaingia, utepe unakwaruza, tayari yuko kwa jina la nne.

Baba hakunichapa. Alisema tu, "Hao wawili ni wako sasa. Usiwaangushe."

Juzi maafisa wa utamaduni wa serikali walikuja ukumbini Riruta kukusanya sauti za wazee, ziwekwe kwa kompyuta. Nikapeleka kaseti. Kijana wao, nyimbo elfu kwa simu, aliigeuza mara tatu akitafuta inaingilia wapi.

"Anti, mwanzo ni redio tu. Kompyuta inaweza kuitoa yote."

"Itanirudishia sauti iliyokuwa chini yake?"

Akatikisa kichwa, mpole.

Siku hizi wanasema hakuna kinachopotea. Sisi tulikuwa na kimoja kimoja, na tulikishika kwa mikono miwili. Nikasogea kwa maikrofoni nikaimba. Khaemba. Barasa. Nikanyamaza, urefu wa jina moja, kisha nikampa ishara amwachie Kukhu aendelee na la nne.

"Anti, hapa kati kuna kimya. Nikate?"

"Wacha," nikamwambia. "Hapo kuna mtu."