Sumeya Hauzi Dawa ya Kifua

Mtaani Mtopanga biarusi hawekwi ndani bila ya Sumeya kuitwa. Ndiye anayesinga mwili kwa liwa ya msandali, ndiye anayechora hina na piko, ndiye somo anayemkalisha mwari mkekani akamwambia mambo ambayo mamake mzazi anaona haya kuyatamka. Ni mwanamke mrefu, mkavu, mwenye kifua bapa, na mwenyewe hulisema hilo kabla wewe hujalifikiria. "Mimi Mola alinipa urefu," husema, "upana akawapa wenzangu." Watoto wanne wamenyonya kifuani hapo wakashiba, na mumewe Ghalib, anayetoa mizigo bandarini Kipevu, hajanung'unika hata siku moja.

Hakuzaliwa na ujasiri huo. Alipokuwa kigori, yeye na wenzake walikwenda kidimbwini wakakamata vile vidudu vyeusi vinavyozunguka juu ya maji, wakavibandika kifuani viwaume, kwani ilisemwa kuwa vikikuuma maziwa huota upesi. Wenzake yaliota, maana wakati wao ulikuwa umefika. Yeye alivimba, akawashwa, kisha uvimbe ukanywea akabaki vile vile. Alilia mno. Baadaye akaolewa, akashika mimba, kifua kikajaa mpaka akajiona mtu mwingine. Alipomwachisha mtoto ziwa, kikarudi kilivyokuwa. Tangu hapo akaacha kugombana na mwili wake.

Basi mwaka jana aliitwa kwa Mzee Aqil, kumsinga binti yake Asmaa. Alimkuta msichana kajifunga leso mpaka shingoni, hataki kuifungua.

"Shikamoo, Bi Sumeya."

"Marahaba mwanangu. Haya, fungua leso, liwa inakauka."

"Mikono tu leo. Na miguu."

"Asmaa, mimi nimewasinga dada zako wote wawili. Unanificha nini?"

Leso ilipofunguka, Sumeya aliweka bakuli la liwa chini. Kifua cha msichana kilikuwa chekundu, kimechubuka, na mahali pengine pametoka malengelenge.

Asmaa akasimulia huku akilia. Siku walipoleta begi la nguo kutoka kwa bwana arusi, shangazi wa bwana arusi, Bi Tumu, aliinua sidiria moja mbele ya wanawake wote akauliza, "Na hii itashikwa na nini?" Watu wakacheka. Asmaa naye akacheka, lakini alipotoka pale alikwenda dukani kwa Hussam, muuza manukato na vipodozi, akanunua krimu ya kukuza maziwa. Aliambiwa apake kidogo. Yeye akapaka asubuhi na jioni, akafunga kitambaa juu yake ili iingie vyema.

"Kwani hakuna njia, Bi Sumeya? Bila kupasuliwa?"

"Mimi nasinga, mwanangu, sitibu. Vaa buibui twende kwa anayejua."

Wakaenda zahanati Mishomoroni. Daktari Gladys alimpa dawa ya ngozi, akamkataza ile krimu, kisha akavuta kiti akakaa naye. Alimweleza kwamba ziwa ni mafuta na tezi za maziwa, na hakuna krimu wala kusugua kunakoliongeza. Vidonge vyenye homoni vinaweza kulivimbisha kwa muda, lakini huvuruga hedhi na huweza kuleta maradhi mengine, basi havimezwi kwa kujipendea tu. Mimba hulikuza, na kunenepa pia, yote hayo huja na kuondoka.

"Na mazoezi?" akauliza Asmaa.

"Mazoezi hukaza misuli iliyo chini ya ziwa. Kifua husimama, nawe hutembea wima. Ziwa lenyewe ni lile lile. Atakayekuambia ana dawa, muulize kwa nini asiipeleke hospitali."

Wakatoka zahanati. Sumeya hakumrudisha nyumbani. Alimpitisha kwa Kafedha, fundi wa kike wa Kigiriama ambaye hushona magauni ya arusi na sidiria za kupima. Kafedha alimzungushia utepe, akatikisa kichwa.

"Nani alikupa hii uliyovaa? Hii ni ya mtu mwingine, dada. Inakubana mgongoni na mbele iko tupu. Wewe si mdogo hivyo, umevalishwa vibaya."

Akamshonea sidiria ya pamba laini isiyogusa vidonda, na gauni akalikata upya: mikunjo akaileta kifuani, kiuno akakiingiza ndani.

Ngozi ilikuwa imepona ilipofika siku ya kupamba. Asmaa alipoingia ukumbini kichwa juu, vigelegele vilikatika kidogo, kisha vikaanza tena kwa nguvu. Wanawake wakanong'onezana: Sumeya amemfanyia dawa. Kesho yake kibaraza cha Sumeya kilijaa viatu. Wa kwanza kubisha alikuwa Bi Tumu.

"Sikuja kwa ajili ya mtu," alisema, sauti chini. "Nimekuja kwa ajili yangu. Nipe na mimi ile uliyompa."

Sumeya angeweza kumtia haya, na moyo ulimwambia amtie. Badala yake akamkaribisha kahawa. "Nilimpa fundi, Bi Tumu. Wallahi hakuna chengine. Nenda kwa Kafedha, mwambie nimekutuma mimi."

Wengine walimsadiki wakaenda kwa Kafedha; wengine waliondoka wakisema anaficha siri yake. Jioni akaja Hussam mwenyewe na katoni la chupa, anataka kuzibandika jina: Dawa ya Bi Sumeya.

"Hata usipake wewe," alimbembeleza. "Jina lako tu. Watu wanakuamini."

"Ndiyo maana sikupi," Sumeya akamjibu. "Yule mtoto alichubuka kwa chupa kama hizi. Ulimuuliza siku ile ngozi yake ikoje?"

Hussam akakusanya chupa zake. Akaondoka na katoni lake, na krimu ile bado anaiuza, ingawa wa Mtopanga wanaoinunua wamepungua.

Siku hizi Sumeya haanzi kusinga kabla biarusi hajapimwa na Kafedha. Mwezi uliopita, kwenye mkeka wa mwari mmoja wa Mishomoroni, dada mtu alimchokoza: "Somo, na wewe mbona hushonewi hizo sidiria za Kafedha?"

"Ninazo mbili," Sumeya akajibu, akiendelea kusaga liwa. "Moja ya arusi, moja ya Ghalib. Haya, mwanangu, nyosha mkono."

Chumba kizima kikaangua kicheko, na biarusi akaunyosha mkono wake.