Mkanda wa Chumba cha Bibi

Ilikuwa mwaka uleule daraja lilipochukuliwa na maji. Hapana, nakosea. Daraja lilikwenda mwaka uliotangulia, maana nakumbuka tulikuwa tumeshazoea kuzunguka. Basi ni mwaka uliofuata, mto ulipopanda ukaingia nyumba za bondeni bila kubisha hodi.

Nyumba ya jirani yangu, fundi baiskeli, ndiyo iliyoumia zaidi. Maji yaliingia mlango wa mbele yakatokea uani, yakaacha tope la kuzama vifundoni na mstari wa kahawia ukutani, chumba hadi chumba, umenyooka kama uliopigwa kwa kamba. Mama yake, ambaye mtaa mzima tulimwita Bibi, tulimtoa amekalia kiti, tumembeba mabegani kama bi harusi, naye anatufokea njia nzima: "Shikeni vizuri, nyinyi! Mimi si gunia!"

Tukamweka kwangu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Bibi hakungoja kupewa. Alichukua ufagio mwenyewe, na mke wangu akawa mgeni nyumbani kwake.

Tulipokwisha kuzoa tope tukampeleka akatazame kwake. Alisimama mlangoni pa chumba chake, macho kwenye ule mstari. Ulikuwa juu ya kitanda. Ulikuwa juu hata ya mto wa kulalia.

"Ningekuwa nimelala..." akasema, hakumaliza. Kisha: "Nipelekeni kwa binti yangu."

Binti yake aliishi mbali, na sote tulijua kwamba kwa umri ule, Bibi akienda harudi. Mwanawe alitoka nje akajifanya anatafuta spana.

Sasa ndiyo namfikia mtu niliyetaka kumweleza tangu mwanzo, ila maneno yamenipeleka mtoni. Ni mpaka rangi tuliyemwita Polepole. Jina alilistahili. Watu walisema akianza kupaka chumba cha mtoto, atamaliza mtoto ameshaoa. Hakuwa mtu wa kukasirika. Kabla ya kuchovya brashi alikuwa na desturi ya kuegemeza shavu ukutani, ametulia, kama anayesikiliza mazungumzo ya jirani. Alikuwa anausikia unyevu. "Ukuta mgonjwa haupakwi poda," alikuwa akisema.

Lakini siku ile tuliyomwita aje kuufuta mstari, alimkuta fundi baiskeli amekaa kizingitini, mtu mzima na ndevu zake, macho mekundu. Huruma ikamshika. Hakuegemeza shavu. Alikipaka chumba cha Bibi chote siku hiyohiyo, nasi tukashangilia. Kesho yake tukamleta Bibi. Mstari ulikuwa umerudi, kahawia juu ya nyeupe, mnene kuliko mwanzo.

"Mnaona?" Bibi akasema. "Wenyewe umekataa kuondoka. Bora niondoke mimi."

Bibi alipotoka nikamwambia Polepole, "Umri wote huo hujawahi kuharakisha, siku unayoharakisha ndiyo hii?"

"Niache, mzee mwenzangu. Nimeona haya mpaka kwenye kucha."

Basi tukaanza upya, kwa mwendo wake. Plasta iliyolegea ikabanduliwa. Madirisha na milango vikaachwa wazi kutwa, majiko ya mkaa yakawashwa vyumbani. Kila asubuhi Polepole alikuja, akaweka shavu, akatikisa kichwa, akaenda zake.

"Kaka, dada anakuja kumchukua mwisho wa mwezi," fundi baiskeli akamlalamikia.

"Ukuta haujui mwisho wa mwezi."

Rangi nyeupe nayo ilikuwa imepungua katika kazi ile iliyoharibika, haikutosha kuta nzima. Majirani wakaleta mabaki ya makopo yao: kijani cha shule, bluu ya duka la dawa, na nyekundu ambayo mwenyewe hakutaka kusema aliipaka wapi. Polepole akayachanganya ndooni, ikatoka rangi isiyo na jina.

"Shemeji, hii ndiyo rangi gani?" mke wa fundi akauliza.

"Rangi ya msaada. Hairudishwi dukani."

Mwanamke yule akacheka, na nadhani ndiyo mara ya kwanza tangu maji.

Hatimaye shavu likakubali. Akaufunika mstari kwa rangi ya mafuta, juu akapaka nyeupe, na chini ile ya msaada, kama mkanda. Sebuleni na chumbani kwa fundi, mkanda ulikomea palepale maji yalipokomea. Kamba nilishika mimi. Chumba cha Bibi alijifungia akapaka peke yake.

Binti akafika na begi tupu la kutilia nguo za mama yake. Bibi akaja kuiaga nyumba. Akaingia chumbani, akaketi kitandani, akatazama ukuta. Mkanda ulikomea chini ya godoro, usawa wa goti.

"Yalifika hapa?" akauliza.

Polepole alikuwa anafuta brashi. "Mkanda ndio huo, Bibi."

Bibi akapapasa godoro, akapapasa ukuta. Akashusha pumzi ndefu, hata mabega yakashuka.

"Kumbe yasingenifikia." Akavua viatu. "Sasa mmesimama mnangoja nini? Nileteeni mto wangu. Na wewe binti, ukitaka kukaa na hilo begi, kaa, vyombo vya kuosha viko uani."

Fundi baiskeli akatoka nje tena. Safari hii spana aliiona.

Bibi alilala chumba kile miaka mingi, usingizi wa mtoto. Lakini Bibi huyohuyo alikuwa akitunga uzi kwenye sindano bila miwani, na mstari ule juu ya mto wake aliuona mara mbili. Nilimuuliza Polepole, akaniambia rangi inakauka. Nikamuuliza Bibi mwenyewe, amekaa uani anashona, akaniambia nisogee, namkinga jua. Sasa wote wawili wamekwenda, na mimi bado nauliza: alijua?