Madaftari ya Kabimba

Papa aliandika riwaya za upelelezi kwa biki ya buluu, katika madaftari ya shule, na watu wa mtaa wetu hapa Kalemie waliyaazima mpaka kurasa zikalegea. Msomaji wa kwanza nilikuwa mimi. Akimaliza daftari aliniita, nami nikamsomea kwa sauti huku yeye akitafuna karanga. Wadogo zangu wakisogea, niliwafukuza.

Mpelelezi wake alikuwa na tabia ya kuruka. Mwisho wa daftari moja amefungwa kamba. Mwanzo wa lingine anakunywa chai, mkono una bendeji. Nilipouliza, Papa alisema msomaji mwerevu haelezwi kila kitu. Nikajiona mwerevu. Papa alifanya kazi Kabimba, kwenye kiwanda cha simenti: wiki mbili huko, wiki mbili kwetu.

Siku ya tatu ya matanga yake, boti ya Kabimba ilileta mama mmoja na binti yake, mtu mzima niliyemzidi miaka michache tu. Mama yangu aliwaonyesha mkeka bila kuwauliza ni akina nani. Hapo nikajua kwamba alijua.

Binti akaketi kando yangu, akafungua mfuko. Madaftari ya shule kama yetu, hadithi ile ile. Humo mpelelezi alikata kamba kwa kigae cha chupa, akajikata mkono. Kila palipokuwa na pengo kwetu, kwao palijaa.

Hilo ningelimeza. Lakini mwandiko haukuwa wa Papa. Nikamuuliza nani alinakili.

«Hakuna aliyenakili, Yaya,» akasema, akiniita kama mkubwa wake. «Papa alikuwa anasema, mimi njo nilikuwa naandika. Akichoka, ananiambia: malizia wewe.»

Mimi hakunipa biki hata siku moja.

Akaniomba ya kwetu, tuyapange pamoja, asome hadithi nzima kabla ya kurudi. Nikamwambia yaliliwa na mchwa. Mama yangu aliinua macho, akanitazama, akayashusha.

Tangu hapo nimehamahama: Uvira, Kigoma, Manono, tena Kalemie. Nguo nimeziacha kila mahali. Madaftari bado yako ndani ya begi langu, chini kabisa, pamoja na la mwisho.

Juma lililopita dada yangu wa Kabimba aliniandikia tena kwenye simu: «Yaya, hata hukumbuki hadithi iliishaje?»

Nikamjibu kwamba sikumbuki. Naujua mwisho ule neno kwa neno.